Digrii ya mawasiliano kwa mkopo wa Bodi: hesabu ya kinachobaki mkononi

Shilingi 488,500. Huo ndio mshahara wa msingi ambao mhitimu wa digrii ya mawasiliano ya umma aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania anatakiwa kuupata ili mwisho wa mwezi abaki na fedha sawa na mwenzake wa diploma anayelipwa 400,000 na hadaiwi. Akilipwa chini ya hapo, mwenye digrii anarudi nyumbani na fedha pungufu kuliko mwenye diploma, na hali hiyo inaweza kudumu zaidi ya miaka kumi.

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nyumba nyingi Tanzania huuliza swali moja tu: mtoto atapata mkopo au hatapata? Swali la pili, mkopo huo utachukua nini kwenye mshahara wake, mara nyingi huja baadaye sana, mtu akiwa ameshika hati yake ya kwanza ya mshahara na anashangaa mstari wa makato ya Bodi. Hesabu yenyewe si ngumu. Inahitaji karatasi moja, kalamu na ukweli kuhusu mishahara ya fani hii.

Deni linajengwaje

Digrii nyingi za mawasiliano, uandishi wa habari na uhusiano wa umma ni za miaka 3. Tuchukue mfano wa ada ya 1,300,000 kwa mwaka. Chuo chako kinaweza kuwa juu au chini ya hapo, kwa hiyo badilisha namba hiyo uweke yako. Bodi hutoa fedha ya chakula na malazi, yaani bumu, hadi 10,000 kwa siku. Awamu ya siku 60 ni 600,000, na awamu nne za mwaka ni 2,400,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo, fildi, huhesabiwa kwa siku hadi 56, na kwa 10,000 kwa siku hiyo ni 560,000. Katika mfano huu tuweke fildi moja.

Kwa aliyepewa asilimia 100 ya ada, miaka mitatu inakuwa hivi: ada 3,900,000, bumu 7,200,000, vitabu 600,000, fildi 560,000. Jumla 12,260,000. Kwa aliyepewa nusu ya ada, jumla ni 10,310,000.

Tazama tena hizo namba. Bumu peke yake ni karibu asilimia 59 ya deni la kwanza, na karibu asilimia 70 ya deni la pili. Watu hugombana kuhusu ada, wanahangaika kutafuta chuo chenye ada pungufu kwa laki mbili, wakati sehemu kubwa ya deni ni wali, maharage na kodi ya chumba. Kwa hiyo kuchagua chuo cha mbali chenye ada ndogo, huku nyumbani kwenu kuna chuo chenye programu hiyohiyo na chumba cha kulala bure, kunaweza kusiokoe chochote.

Na kwa kuwa bumu ndilo linalobeba uzito, namna unavyolitumia ndiyo inayoamua kama deni lilikuwa na faida. Mwanafunzi wa mawasiliano anayemaliza mwaka wa tatu bila kompyuta, bila maikrofoni ya kubana kwenye shati na bila kazi hata kumi za kuonyesha amekopa shilingi milioni saba za chakula. Aliyebana awamu mbili akanunua vifaa na kujifunza kuhariri sauti na video amekopa kiasi hichohicho, lakini akifika kwenye usaili ana kitu cha kuweka mezani.

Deni halizai, na hilo linabadilisha kila kitu

Mpaka 2021 mikopo ya Bodi ilikuwa na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kwa mwaka. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka huo. Anayetaka kuelewa uzito wa hatua ile afanye hesabu hii. Asilimia 6 ya 10,310,000 ni 618,600. Mtu wa mshahara wa 400,000 anakatwa asilimia 15, yaani 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Chini ya utaratibu wa zamani, mwaka wa kwanza deni lake lingepungua kwa takriban laki moja tu. Alikuwa anakatwa kila mwezi na taarifa ya deni inasoma karibu vilevile. Ndiyo maana wahitimu wengi wa miaka ile bado wanaliogopa deni la Bodi kama ugonjwa, na wanawarithisha wadogo zao hofu hiyo.

Sasa hivi 10,310,000 haiongezewi tena ile asilimia 6 kila mwaka. Ukichelewa, shilingi zenyewe haziongezeki, na mfumuko wa bei unazila polepole. Kwa lugha ya wakopeshaji, hakuna benki wala SACCOS itakayokupa fedha kwa masharti hayo. Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili.

La kwanza: usikope benki ili umalize deni la Bodi. Inasikika ajabu, lakini wapo wanaofanya hivyo kwa sababu wamechoka kuona mstari ule kwenye hati ya mshahara. Unabadilisha deni lisilo na riba kwa deni lenye riba. Kama una akiba ya ziada na una mkopo wa benki pembeni, lipa wa benki kwanza.

La pili ndilo kiini cha andiko hili. Ukubwa wa deni unaamua utakatwa kwa miaka mingapi. Kiasi cha kukatwa kwa mwezi kinaamuliwa na mshahara wako. Aliyekopa 10,310,000 na aliyekopa 12,260,000, wote wakilipwa 700,000, wanakatwa 105,000 sawasawa. Mmoja atamaliza baada ya miezi 99, mwingine miezi 117. Kwa hiyo anayepima digrii hii asikae akiangalia milioni kumi au kumi na mbili. Aangalie mshahara wa kwanza, na kama mshahara huo ni wa mkataba au ni wa maneno.

Hati tatu za mshahara

Makato ya Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mwajiriwa. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2016 yalikuwa asilimia 8. Yanakatwa pamoja na hifadhi ya jamii na kodi ya mapato, na wengi hukosea mpangilio wake. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, unatolewa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Makato ya Bodi hayapunguzi kodi: unalipa kodi hata kwa ile shilingi inayokwenda Bodi.

Jedwali la kodi lililoanza Julai 2021 linasema hivi: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi, hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi.

Chukua mshahara wa msingi wa 400,000 katika redio ya binafsi. NSSF 40,000. Kinachotozwa kodi ni 360,000, kodi yake 7,200. Bodi 60,000. Mkononi zinabaki 292,800. Deni la 10,310,000 litachukua miezi 172, yaani miaka 14 na miezi 4, kama mshahara hautapanda.

Chukua 700,000. NSSF 70,000. Kinachotozwa kodi ni 630,000, kodi 42,000. Bodi 105,000. Mkononi 483,000. Deni linakwisha baada ya miaka 8 na miezi 3.

Chukua 1,200,000, tuseme afisa mawasiliano wa shirika lisilo la kiserikali lenye mradi wa wafadhili. NSSF 120,000. Kinachotozwa kodi 1,080,000, kodi 152,000. Bodi 180,000. Mkononi 748,000. Deni linakwisha chini ya miaka 5.

Yapo mambo ambayo hati hizi hazisemi waziwazi. Ukipandishwa kutoka 700,000 hadi 800,000, laki uliyoongezwa haifiki nyumbani: 10,000 zinakwenda NSSF, 18,000 kodi, 15,000 Bodi, na mkononi unaongeza 57,000. Ukipanga kuchukua chumba cha gharama kubwa zaidi kwa sababu ya nyongeza, panga kwa 57,000.

Jambo jingine ni posho. Kwa kuwa asilimia 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi, ofa ya 500,000 ya msingi pamoja na posho 200,000 itakatwa 75,000 badala ya 105,000 ya ofa ya 700,000 tupu. Mwezi huu utafurahi. Lakini kiinua mgongo cha kusitishiwa ajira, ambacho kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi hadi miaka 10, kitahesabiwa kwenye ile laki tano. Vyombo vya habari hupunguza wafanyakazi mara kwa mara, hivyo hilo si jambo la kulipita.

Kwa mtumishi wa umma hesabu inabadilika kidogo. Mchango wa mtumishi kwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, na bima ya afya ya NHIF asilimia 3. Kwa msingi wa 700,000: PSSSF 35,000, NHIF 21,000, kodi 49,000, Bodi 105,000, mkononi 490,000. Halafu ipo kanuni ya moja ya tatu: makato yote hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi ya mshahara wako, hapa 233,333. Nafasi yako ya kukopa kwa makato ya mshahara ni 256,667 kwa mwezi. Bila Bodi ingekuwa 361,667. Afisa habari anayetaka kujenga mapema analiona pengo hilo siku anapokwenda benki.

Digrii au diploma: namba ile ya mwanzo

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zinataka mwandishi wa habari awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, na sifa ya chini ya kielimu ni diploma ya uandishi wa habari. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari haidai digrii. Maana yake, kwa mtu anayetaka kuwa mwandishi, mtangazaji au mpiga picha za habari, mlango wa kisheria unafunguliwa na diploma. Digrii ni ya kupandia, na ya kuingilia kazi za ofisini zinazoitaka kwa jina.

Mwenye diploma asiye na deni, kwa msingi wa 400,000, anabaki na 352,800 baada ya NSSF na kodi. Ili mwenye digrii abaki na hiyohiyo, anahitaji msingi wa takriban 488,500. Hiyo ni asilimia 22 zaidi. Ukipanda juu pengo linakua, kwa sababu ya ngazi za kodi: mwenye diploma kwa 600,000 anabaki na 516,000, na mwenye digrii anahitaji takriban 758,000 kumfikia. Asilimia 26.

Ongeza mwaka mmoja. Kwa aliyetoka kidato cha sita, diploma huwa miaka 2 na digrii miaka 3. Mwaka ule mwenzake akiwa kazini kwa 400,000 anaingiza 4,233,600 mkononi. Ukiweka vitu hivyo viwili pamoja, digrii ya mawasiliano inajilipa pale tu inapokupeleka kwenye kazi ambayo diploma haiwezi kukupeleka. Ikikupeleka kwenye kiti kilekile cha chumba cha habari, kwa mshahara uleule, imekurudisha nyuma kifedha. Inauma kusema hivyo kwa sababu elimu yenyewe ni kitu chema, lakini mzazi anayeuza shamba ili alipe nusu ya ada iliyobaki ana haki ya kuisikia.

Upande wa pili nao una uzito. Diploma ya uandishi wa habari hulipiwa mfukoni: serikali ilipoanza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka 2023/2024, ilianza na maeneo ya kipaumbele kama afya, ualimu, kilimo na nishati, na uandishi wa habari haukuwamo. Kwa kijana ambaye nyumbani hakuna kitu kabisa, mkopo wa digrii ndio unaomlisha kwa miaka mitatu mjini, na bila huo hakuna diploma wala digrii. Kwake hesabu ya asilimia 22 haina maana kubwa. Aichukue digrii, kisha apigane kuingia kwenye kazi inayoilipa.

Njia ya kati ni kuanza na diploma, kufanya kazi, kisha kuunganisha digrii. Ni nzuri, ila ina mtego. Waombaji wa mkopo wa digrii wenye diploma wanatakiwa wawe wamehitimu ndani ya miaka 5, wasizidi umri wa miaka 35, na wasiwe na kipato cha ajira rasmi. Ukishapata mkataba mzuri, digrii utaisoma kwa fedha yako. Pia linda alama: kiingilio cha chuo kikuu kwa diploma huanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0, na mwenye 2.8 hata awe na sauti ya dhahabu redioni atakwama hapo.

Kazi zenyewe zinalipaje

Marekani, wizara ya elimu ina tovuti ya College Scorecard ambapo unaona kwa kila programu ya chuo deni la wastani na kipato cha wahitimu wake. Kwetu kazi hiyo unaifanya mwenyewe, na inachukua kama wiki mbili.

Kwa wiki hizo mbili soma matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira na ya mashirika, ukiandika kwenye daftari kila tangazo la afisa habari, afisa uhusiano, afisa mawasiliano, mwandishi, mtangazaji, meneja wa mitandao ya kijamii. Weka safu tatu: wanataka digrii au diploma, wanataka uzoefu wa miaka mingapi, na ngazi ya mshahara. Matangazo ya serikali huandika ngazi, mfano TGS D, na ngazi hiyo unaweza kuulizia thamani yake ya sasa kwa mtumishi yeyote wa utumishi na rasilimali watu. Ukiona safu ya uzoefu imejaa miaka mitatu na mitano, ujue mshahara ulioandikwa si wako wa mwaka wa kwanza.

Kisha tafuta watu kumi waliohitimu idara ileile ya chuo kilekile miaka mitatu iliyopita. Usichague waliofanikiwa wanaoonekana kwenye televisheni. Anza na orodha ya darasa lao, uchukue yeyote anayepatikana. Usiwaulize "unalipwa kiasi gani", kwani watu hujibu hilo kwa kujikweza au kwa kukwepa. Waulize mambo matatu: una mkataba wa maandishi? Mchango wako wa NSSF unaingia kila mwezi? Mshahara wa msingi uko chini ya laki nne, kati ya nne na saba, au juu ya saba? Wanne kati ya kumi wakisema hawana mkataba, umepata jibu muhimu kuliko wastani wowote.

Sababu ni kwamba vyumba vingi vya habari vinaendeshwa na waandishi wanaolipwa kwa habari iliyotumika. Habari haijatoka, hakuna malipo. Nauli inayotolewa kwenye mikutano na waandishi huziba pengo, lakini haiingii kwenye mkataba, haichangiwi hifadhi ya jamii, na inamfunga mwandishi kwa yule anayetakiwa kumhoji. Mtu wa namna hiyo, kwa macho ya Bodi, amejiajiri. Aliyejiajiri anatakiwa kurejesha si chini ya 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka yanayotozwa kodi.

Linganisha. Mwajiriwa wa 300,000 anakatwa 45,000. Mwandishi wa kujitegemea anayeingiza 300,000 akilipa kiwango cha chini ametoa theluthi ya kipato chake. Laki moja inalingana na asilimia 15 ya 666,667 tu. Kwa yeyote anayepata chini ya hapo bila ajira, masharti ya kujiajiri ni mazito kuliko ya mwajiriwa, na fani ya habari ndiyo hasa imejaa watu wa kundi hilo. Kabla ya kusaini mkopo kwa ndoto ya kuwa na chaneli yako mwenyewe mtandaoni, weka laki hiyo kwenye bajeti ya kila mwezi kuanzia miezi 24 baada ya kuhitimu, pamoja na leseni ya maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama utarusha habari.

Uhusiano wa umma, masoko na mawasiliano ya mashirika ndiko digrii inakofanya kazi yake vizuri. Huko watu wanatafuta mtu anayeweza kuandika taarifa kwa vyombo vya habari kwa Kiswahili na Kiingereza bila kusahihishwa, kusoma takwimu za kampeni, kutengeneza bajeti ya tukio na kuandika ripoti ya mfadhili. Chagua kozi za hiari kwa kuangalia orodha hiyo. Fildi nayo ifanye kwenye ofisi ya mawasiliano ya halmashauri, benki au shirika, hata kama wenzako wote wanakimbilia redio. Kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, na wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi ulitangazwa kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Sakafu imepanda, lakini mwenye digrii anayelipwa karibu na sakafu bado yuko chini ya ile 488,500.

Kwa wasomaji wa Kenya, hesabu inageuka. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya huko, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekaidi hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Deni la 200,000 huzaa 8,000 mwaka wa kwanza. Huko kulipa zaidi ya kiwango unapopata nafasi kunaokoa fedha, na kunyamaza ukiwa huna kazi ndiko kunakoua: faini ya miezi 12 ni 60,000. Waandikie mapema kwamba huna ajira.

Mambo yanayoharibika njiani

Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 kwamba ameajiri mnufaika, na kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tatizo la kawaida kwenye vyombo vidogo vya habari ni makato kuonekana kwenye hati ya mshahara huku hayafiki. Ukiligundua baada ya miaka mitatu, kampuni huenda imeshafungwa. Kila baada ya miezi mitatu ingia kwenye akaunti yako ya Bodi, linganisha miezi iliyoingia na hati zako, na zitunze hati zote, za karatasi au za picha kwenye simu na barua pepe. Ikikosekana miezi miwili, andika barua kwa mhasibu na nakala Bodi wakati ungali kazini.

Kumbukumbu za Bodi zinafuata namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Ukiajiriwa, mpe ofisa utumishi namba hiyo na mwaka, ulioandika wewe mwenyewe. Waliobadili jina baada ya ndoa, au walioandikishwa kwa majina mawili shuleni na matatu kazini, ndio ambao makato yao hupotelea kwa mtu mwingine au hukaa bila mwenyewe.

Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, hakufuti deni. Fedha ulizokwisha kupokea zinabaki kudaiwa hata kama hukupata cheti, na huyo ndiye mkopaji mwenye hali mbaya kuliko wote: ana deni la digrii na sifa za kidato cha sita. Kama dalili za mwaka wa kwanza ni mbaya, kaa na mshauri wa masomo kabla ya kusaini awamu nyingine. Na awamu ambayo hukuisaini hakikisha haipo kwenye taarifa yako ya deni. Fedha hizo zinatakiwa kurudishwa Bodi.

Mwisho wa deni nao una kazi yake. Mfumo wa mishahara hauachi kukata wenyewe kila mara. Ikibaki kama miezi mitatu, omba taarifa ya deni, hesabu salio, kisha andikia Bodi na mwajiri ukitaja mwezi wa mwisho wa makato na kiasi chake, maana makato ya mwisho huwa pungufu. Kwa deni la 10,310,000 na makato ya 105,000, mwezi wa 99 ni 20,000 tu. Zikikatwa 105,000 tena, omba kurejeshewa 85,000 kwa maandishi, na usiondoke bila cheti cha kumaliza deni.